Daftari, picha ya ubao, desa au akili mnemba: mwanafunzi wa chuo achague nini?

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akifika chuoni, jambo la kwanza anaulizwa na waliomtangulia ni kama ana laptopu. La pili ni kama ameshaungwa kwenye grupu la darasa. Atasomaje, hakuna anayemuuliza. Halafu inafika wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula: unaingia ukumbini na kalamu mbili na kitambulisho, simu umeiacha kwenye begi mlangoni, na kila ulichokitunza muhula mzima kwenye galari, kwenye Drive na kwenye grupu kimebaki huko huko nje. Unaingia na kile tu kilichokaa kichwani.

Kwa hiyo navilinganisha vyombo vya kusomea nikiwa na ukumbi ule mbele ya macho. Bei nitaigusa, bando pia, lakini kigezo changu kikubwa ni kimoja: ukiwa umekishika chombo hicho, kichwa chako kinafanya kazi gani? Kama kazi yote imefanywa na kamera au na mashine ya kopi, ulichonacho ni nakala, na somo lenyewe bado linakusubiri.

Kupiga picha ubao au kuandika

Dakika za mwisho za lekcha ya baiolojia. Ubaoni kuna mzunguko wa Krebs, mishale inazunguka kama magari kwenye kipilefti, na mhadhiri ameshika dasta. Simu zinanyanyuka. Waliokaa nyuma wanavuta picha ipite juu ya vichwa vya waliokaa mbele, mmoja anapaza sauti, "Dokta, usifute kwanza," na kufumba na kufumbua darasa zima lina mzunguko wa Krebs. Picha inaenda kukaa kwenye galari katikati ya picha za sendofu na mkeka wa kubeti. Wengi hawaifungui tena mpaka usiku wa kuamkia test, na wakiifungua hawakumbuki ule mshale wa kushoto ulielezwa vipi.

Mwaka 2014 mwanasaikolojia Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, aliwatembeza wanafunzi makumbusho. Vitu vingine waliambiwa waviangalie tu, vingine wavipige picha. Kesho yake walipoulizwa, vile walivyovipiga picha nzima walivikumbuka kwa uchache na kwa undani mdogo kuliko vile walivyoviangalia kwa macho. Lakini kuna sehemu ya matokeo yake ambayo husahaulika: waliotakiwa kuvuta kamera na kupiga kipande kimoja tu cha kitu, kumbukumbu yao haikupungua. Maana yake kamera peke yake haina kosa. Kinachoharibu ni kubonyeza na kuondoka, ukijiambia kwamba simu imeshakumbuka kwa niaba yako.

Jambo linalokaribiana na hilo lilionekana mwaka 2011, pale Betsy Sparrow na wenzake walipowapa watu taarifa ndogondogo wazichape kwenye kompyuta. Walioambiwa kwamba taarifa zitafutwa walizikumbuka vizuri zaidi kuliko walioambiwa zitahifadhiwa. Niseme mapema kwamba si vipande vyote vya utafiti ule vilivyosimama vilipojaribiwa upya na watu wengine, kwa hiyo usiutumie kumtisha mtu. Ila anayeishi na simu yenye picha elfu nne anajua kinachosemwa hapo.

Je, picha ina mahali pake? Inapo. Mchoro wenye sehemu nyingi, ramani, jedwali refu, mhadhiri anayefuta kabla hujamaliza mstari wa pili, au wewe mwenye macho yasiyofika ubaoni: piga. Ila usiku ule ule kaa na karatasi tupu, chora bila kuangalia, kisha fungua picha usahihishe kwa kalamu nyekundu. Ukimaliza, ifute. Najua kufuta kunauma, lakini picha iliyobaki ndiyo inayokufanya uahirishe.

Kalamu au kibodi

Hapa watu hubishana kwa nguvu kuliko ushahidi unavyoruhusu. Mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walichapisha utafiti uliosambaa dunia nzima: wanafunzi waliochapa mhadhara kwenye laptopu waliandika maneno mengi zaidi, mengi yakiwa yale yale ya mhadhiri neno kwa neno. Kwenye maswali ya kutaja ukweli walilingana na walioandika kwa mkono, lakini kwenye maswali ya kuelewa dhana wakaachwa nyuma. Walimu wengi wakashangilia. Utafiti huo ulipojaribiwa tena, mwaka 2019 na 2021, tabia ya kuchapa neno kwa neno ilionekana ile ile, ila tofauti ya alama haikujitokeza kwa uwazi ule wa mwanzo.

Mimi nalisoma hivi: kalamu haina uganga. Ni ya polepole, na upolepole wake unakulazimisha uchague nini uandike na nini uache, na kuchagua ni kufikiri. Mwenye laptopu anayejua kujizuia, akasikiliza dakika mbili ndipo akaandika sentensi moja ya kwake, hapotezi kitu.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo tafiti za Marekani hazilijui. Mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili, kisha kuanzia kidato cha kwanza masomo karibu yote yamegeuka Kiingereza, na chuoni ni hivyo hivyo. Ni rahisi mno kuchapa ukurasa mzima wa Kiingereza cha mhadhiri huku hakuna hata sentensi moja iliyoeleweka, kwa sababu vidole vinakwenda na masikio wakati akili imekaa pembeni. Ndiyo maana daftari lenye pambizo pana nalipa alama nyingi. Katikati andika ya mhadhiri kwa Kiingereza. Pembeni, kwa Kiswahili chako, andika kilichosemwa kana kwamba unamweleza mdogo wako aliye nyumbani. Mahali ambapo Kiswahili kinagoma kuja, hapo hujaelewa. Weka alama ya kuuliza umfuate mhadhiri au mwenzako. Kisha kabla ya test rudi upande wa Kiingereza, kwa sababu huko ndiko utakakojibia. Kompyuta inaweza kufanya hivyo pia, lakini kurasa za pande mbili zenye mishale na vikato ni rahisi zaidi kwenye kaunta buku kuliko kwenye Word.

Laptopu ina dosari nyingine inayomhusu jirani. Faria Sana na wenzake nchini Kanada walionyesha mwaka 2013 kwamba wanafunzi waliokuwa wakiperuzi mambo mengine kwenye laptopu wakati wa mhadhara walipata alama za chini, na, kibaya zaidi, hata wale waliokaa mahali pa kuiona skrini ya mwenzao walishuka, ingawa wao hawakugusa chochote. Kwa hiyo ukichagua laptopu, kaa kiti cha nyuma kabisa. Wenzako hawahitaji kujua Simba au Yanga ametoka ngapi kabla ya mhadhara kwisha.

Wanaosoma programu za kompyuta na uhandisi wana hukumu tofauti: kazi yao inafanyika kwenye mashine, kwa hiyo laptopu ni lazima. Hata wao, kama pepa ni ya kuandika msimbo kwa mkono, na nyingi ni hivyo, wafanye mazoezi ya kuandika kwa mkono kabla. Kosa ambalo kompyuta ilikuwa ikikusahihishia kimyakimya, karatasi itaachia lipite.

Desa, kitabu na PDF ya kwenye simu

Desa, yaani notsi za waliotangulia zinazopitishwa kwa kopi, lina sifa zake na sitalidharau. Ni rahisi, limepita mikononi mwa watu waliofaulu, na linakuonyesha mhadhiri huyu anapenda kuuliza nini. Nenda steshenari yoyote ya nje ya geti la chuo wiki mbili kabla ya UE, uone foleni. Unaloletewa ni kopi ya kopi ya kopi: mchoro umegeuka doa jeusi, ukurasa wa 14 umekatwa upande mmoja, pembezoni kuna namba ya simu ya mtu usiyemjua na mahali pamepigiwa mstari mara tatu bila sababu iliyoandikwa. Huyo aliyepiga mstari alijua sababu. Alikuwepo darasani, alifikiri, akachagua. Wewe umerithi mstari bila ile fikra.

Kwa hiyo desa lisome baada ya notsi zako, usilianze. Ukilisoma baadaye linakuwa kipimo: hiki nilikiacha, hiki nilikielewa tofauti, hiki mhadhiri wetu amekibadilisha tangu miaka ile. Ukilianza kwanza, linakuwa kitu cha kukariri.

Kati ya karatasi na skrini, ushahidi ni mzito kidogo kuliko ule wa kalamu na kibodi. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walikusanya tafiti 54 za tangu mwaka 2000, zenye wasomaji zaidi ya 170,000, wakakuta kwamba watu huelewa zaidi wanaposoma maandishi ya maarifa kwenye karatasi, hasa muda ukiwa mdogo. Kwa hadithi hapakuwa na tofauti. Riwaya yako basi isome kwenye simu bila wasiwasi, ila sura ya sheria ya mikataba au ya famakolojia ni habari nyingine. PDF ya kurasa mia nne kwenye kioo cha simu unaisoma kwa kuvuta na kusogeza, kuvuta na kusogeza, na ukitaka kurudi kwenye lile jedwali uliloliona jana hujui lilikuwa juu au chini, mwanzo au mwishoni. Kwenye kitabu mkono unakumbuka: lilikuwa ukurasa wa kushoto, karibu na mwisho.

Kuchapisha kitabu kizima ni gharama ambayo bumu, ile fedha ya mkopo wa mwanafunzi, haliwezi kuibeba, na sikushauri. Tafuta sura mbili au tatu zinazobeba uzito wa kozi, hizo zitoe kopi. Zilizobaki ziache kwenye simu kwa ajili ya kutafuta neno, kazi ambayo karatasi haiiwezi kabisa.

Kimbweta au grupu la WhatsApp

Aliyepita Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, anavijua vimbweta: meza na mabenchi ya zege chini ya miti, watu wanne au watano wamezunguka, mmoja anaeleza na wengine wanambishia. Grupu la WhatsApp linadai kufanya kazi hiyo hiyo bila nauli. Halifanyi. Grupu ni zuri kwa tarehe ya test, kwa venyu iliyohamishwa saa kumi na moja alfajiri, na kwa CR, mwakilishi wa darasa, kurusha slaidi. Mtu akiuliza swali la somo, anajibiwa na mmoja kwa picha ya ukurasa, thelathini wanaweka dole gumba, na mada inahamia kwenye michango ya msiba.

Kimbweta kinalizidi grupu nguvu kwa sababu mtu anakutazama na kukuambia, "Hebu eleza." Hapo huna pa kuchungulia. Unavuta jibu kutoka kichwani, na kule kuvuta ndiko kunakolikomaza. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walilipima hili mwaka 2006. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu na kukirudia kukisoma. Jingine lilisoma, kisha likafunika na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha walishika asilimia 56, waliorudia kusoma asilimia 42. Angalia mtego uliopo hapo. Kurudia kusoma kunakupa hisia nzuri usiku wa leo, na hisia hiyo ndiyo inayokudanganya kwamba umemaliza.

Wazee wa madrasa za pwani hawakuhitaji maabara kulijua hili. Mtoto aliandikiwa aya kwenye ubao, akazisoma mpaka zikakaa, kisha akaenda kwa ustadhi kuzisoma kwa moyo. Akikwama, anarudi. Na za nyuma hazikuachwa. Zilidurusiwa kila mara huku mpya zikiongezwa. Leo kuna programu nzuri za kusikiliza Kurani kwenye simu, lakini sijasikia madrasa iliyoacha kumsikiliza mtoto kwa sababu simu ina sauti ya msomaji hodari.

Na simu yenyewe, ukiwa kimbwetani, iwe wapi? Mwaka 2017 Adrian Ward wa Chuo Kikuu cha Texas na wenzake waliwapa watu kazi za kufikiri huku simu zikiwa mezani, mfukoni au kwenye begi, au chumba kingine. Waliofanya vizuri zaidi ni wale ambao simu zao zilikuwa chumba kingine, ingawa hata za mezani zilikuwa zimezimwa sauti na kulazwa kifudifudi. Wengine waliorudia jaribio hilo wamepata matokeo yanayotofautiana, baadhi hawakuona kitu. Ushauri wangu hausubiri wamalize kubishana, kwa sababu haugharimu: acha simu kubwa chumbani, beba kitochi kama mama anaweza kupiga.

Kuhusu mahali, kuna dhana kwamba ukisomea sehemu moja utakumbuka ukiwa hapo hapo. Mwaka 1975 Duncan Godden na Alan Baddeley waliwafundisha wazamiaji orodha za maneno nchi kavu na chini ya maji huko Scotland, na kwa wastani walikumbuka vizuri zaidi pale walipojifunzia. Jaribio la kulirudia, miaka mingi baadaye, halikupata matokeo yale. Vyovyote iwavyo, huwezi kuhamishia kitanda chako kwenye ukumbi wa mtihani. Linalokufaa zaidi ni lile la Steven Smith na wenzake, 1978: waliosomea orodha ile ile vyumba viwili tofauti waliikumbuka zaidi, chumba cha tatu, kuliko waliosomea chumba kimoja mara mbili. Jumatatu kimbweta, Jumatano maktaba, Jumamosi darasa tupu. Hosteli waachie wanaolala.

Akili mnemba

Hii ndiyo mpya, na ndiyo inayochaguliwa vibaya zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walikwenda kwenye shule ya sekondari Uturuki, wanafunzi karibu 1,000, somo la hisabati. Waliopewa akili mnemba ya kawaida walipata alama asilimia 48 zaidi kwenye mazoezi kuliko wasiokuwa nayo. Ilipoondolewa wakafanya mtihani peke yao, wakawa chini kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakuwahi kuigusa. Kundi la tatu lilipewa iliyotengenezwa itoe vidokezo bila kutoa jibu, na hao hawakuporomoka namna hiyo.

Kwa hiyo tofauti iko kwenye unachoiomba. Ukiiambia "nifupishie sura hii," umenunua desa jingine, safari hii lenye sarufi nzuri. Ukiiambia "niulize maswali kumi kuhusu sura hii, moja moja, usinipe jibu mpaka nijaribu," umejipatia mwenza wa kimbweta asiyechoka. Majibu yake yahakiki kwenye kitabu, maana hukosea kwa kujiamini kuliko mwanafunzi yeyote ninayemjua.

Ukiwa na fedha ya kitu kimoja

Bumu limeingia, unajiuliza uanze na nini. Kama kozi yako si ya kompyuta, nunua kaunta buku, moja kwa kila kozi, na ada ya kopi za sura chache. Laptopu isubiri mpaka kazi za kuandika ripoti zikulazimishe, na hata hapo ya mitumba inatosha.

Simu uliyonayo itumie kwa kurudia. AnkiDroid ni bure kwenye Android, inafanya kazi bila bando, na inakuletea kadi ya swali siku unapokaribia kuisahau; kwenye iPhone programu ya Anki inauzwa. Usiye na simu ya namna hiyo, mwandishi Sebastian Leitner alishaeneza njia ya maboksi miaka ya 1970. Kata manila vipande, swali mbele, jibu nyuma. Ukipata, kadi inakwenda boksi linalofuata, ambalo hulifungui mara kwa mara; ukikosa, inarudi la kwanza. Kadi ziandike mwenyewe. Zilizoandikwa na mwingine ni desa tu.

Anayesoma jioni baada ya kazi, na njia yake ni saa nzima ndani ya daladala, ana chombo kimoja ambacho sijakigusa: kurekodi sauti. Kwa wengi hakifai, kwa sababu kusikiliza tena lekcha ya saa mbili ni kurudia kusoma kwa njia nyingine, na wengi hawafiki mwisho. Kwake kinaweza kufaa akirekodi sauti yake mwenyewe ikiuliza maswali, ikinyamaza kidogo, kisha ikijibu. Akitaka kumrekodi mhadhiri, aombe ruhusa kwanza. Wengine hawapendi sauti zao zizunguke mitandaoni, na wana haki.